Lugha ya Takwimu katika Vikao vya Shule za Msingi: Kasoli na Mazingira ya Usukumani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna walimu, wazazi na viongozi wa shule ya msingi wanavyozitumia takwimu za wanafunzi ili kufikia uamuzi wa pamoja. Mazingira yanayoangaliwa ni yale ya kata ya Kasoli, wilayani Bariadi, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kwa sehemu kubwa kutoka mkoa wa Shinyanga. Hoja inayotetewa ni kwamba upungufu mkubwa wa shule za mazingira hayo si wa takwimu. Takwimu zipo tele. Kilicho haba ni mazungumzo ya kuzifasiri, na mazungumzo hayo hukwamishwa mapema na lugha: kwanza, majina ambayo takwimu zimekwisha kupewa kabla ya kufika kikaoni, pili, lugha ambayo mtoto mwenyewe hupimwa kwayo.

Imezoeleka kuwaachia wanataaluma wa elimu suala hili, kana kwamba ni la hesabu na utawala tu. Hata hivyo, kila tarakimu inayoingia katika daftari la mwalimu mkuu huingia ikiwa imevaa neno: mtoro, mdondoko, amefaulu, hajui kusoma. Neno hilo ndilo linalojadiliwa, si tarakimu. Neno takwimu lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa na maana ya kalenda katika Kiswahili cha zamani kabla halijapewa maana ya sasa ya hesabu zilizokusanywa. Maana hiyo ya kale haistahili kudharauliwa. Itaonekana katika sehemu ya nne kwamba hesabu ya mahudhurio ya Kasoli isiyosomwa pamoja na kalenda ya shamba haielezi jambo lolote la maana.

2.0 Takwimu zinazopanda bila kushuka

Shule ya msingi ya Tanzania huandika mengi. Mwalimu wa darasa huita majina na kujaza rejista ya mahudhurio kila siku. Mwalimu wa taaluma hutunza alama za mazoezi na majaribio. Kila mwaka shule hujaza fomu za takwimu za shule za msingi, zijulikanazo kwa ufupi kuwa TSM. Baraza la Mitihani la Tanzania huendesha upimaji wa kitaifa wa darasa la nne pamoja na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na kupitia mfumo wake wa PReM kila mwanafunzi hupewa namba ya kumtambulisha. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kutekelezwa katika mikoa kadhaa ukiwamo Simiyu, uliwapa walimu wakuu tabuleti zenye mfumo wa taarifa za shule, ili mahudhurio ya walimu na wanafunzi yaweze kuonekana hadi ngazi ya halmashauri pasipo kusubiri karatasi.

Mwelekeo wa njia zote hizi ni mmoja. Takwimu hutoka darasani, hupita kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, hufika halmashauri na kuishia wizarani. Kinachorudi shuleni mara nyingi huwa ni agizo, nayo maagizo hayafanani na majadiliano. Mwalimu aliyejaza fomu kwa miaka kumi bila kuulizwa amejifunza nini kutokana nayo huiona fomu kuwa ni kodi anayodaiwa na ofisi.

Tena takwimu zinazopanda hubeba fedha na hadhi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi uanze mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikikokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, na kiwango kinachotajwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, fedha hizo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Uhakiki uliofanyika mwaka huohuo ukafichua makumi ya maelfu ya wanafunzi hewa nchini. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulikuwa umeanza kuzipanga shule kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kufuatana na ufaulu wa darasa la saba. Hatua hiyo ilichukuliwa baada ya matokeo ya mwaka 2012, ambapo waliofaulu walikuwa takribani asilimia 31 tu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule bora katika matokeo. Desturi ya kuiona tarakimu kama hukumu, hata hivyo, haiondoki kwa tangazo. Mwalimu mkuu anayejua kwamba rejista yake itamponza hana sababu ya kuileta mezani ikiwa wazi.

3.0 Vikao vilivyopo

Yapo mabaraza ya kutosha ya kuzijadili takwimu hizo. Kamati ya shule inatambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na mpango wa mwaka 2002 uliipa uzito mpya kwa kuikabidhi usimamizi wa fedha za shule. Kipo kikao cha walimu, na upo ushirikiano wa wazazi na walimu ambao EQUIP-Tanzania iliuhimiza na ambao programu ya Shule Bora imeuendeleza mkoani Simiyu. Aidha, chini ya utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya za kujifunza kuzungumzia ufundishaji wao.

Katika nchi nyingine utaratibu wa namna hii umepewa umbo mahsusi. Nchini Marekani, sheria ya elimu iliyopitishwa mwaka 2001 na kutiwa saini Januari 2002 ilizidisha mitihani katika shule za umma. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakishirikiana na walimu wa shule za Boston, waliandaa utaratibu wa hatua nane uitwao Data Wise, uliochapishwa kitabuni mwaka 2005. Jambo lake la msingi ni nidhamu ya mazungumzo: wajumbe hutakiwa kwanza kusema wanachokiona katika kazi za wanafunzi, na kuahirisha kueleza sababu. Nidhamu hiyo inafaa popote. Lakini utaratibu huo ulitungiwa shule ambamo walimu wana muda wa kukaa pamoja uliotengwa katika ratiba, jambo ambalo shule ya Usukumani yenye darasa la watoto 100 na walimu wachache haiwezi kulichukulia kuwa limekwisha kupatikana.

Usukuma una mila yake ya kuamua mambo kwa pamoja. Dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji, ndiyo iliyokuwa jukwaa la sungusungu walipoibuka katika mikoa ya Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mkutano wa aina hiyo jambo halisomwi kutoka kwenye karatasi. Husimuliwa, huulizwa, hutolewa ushahidi, na uamuzi hufungamana na kila aliyehudhuria. Tofauti yake na kikao cha kamati ya shule ni kubwa. Kamatini mwalimu mkuu husoma taarifa ya maendeleo ya taaluma kwa Kiswahili cha ofisi, wajumbe huipokea, na muhtasari huandika kwamba taarifa ilijadiliwa. Isifikiriwe kwamba dagashida ni dawa. Mkutano huo umejulikana pia kwa adhabu zake, na orodha ya watoto watoro ikifikishwa mahali penye mazoea ya kutoza faini, mzazi atajifunza haraka kueleza kwamba mtoto amehamia kwa babu yake. Rejista itakuwa imesababisha uongo ambao itaukusanya tena mwaka unaofuata.

4.0 Utoro: jina linalofunga mjadala

Katika takwimu za elimu zinazotolewa na serikali, utoro kwa muda mrefu umekuwa sababu inayoongoza kwa mbali miongoni mwa sababu za wanafunzi kuacha shule ya msingi. Swali linalopaswa kuulizwa ni kama utoro ni sababu hata kidogo. Kusema kwamba mtoto ameacha shule kwa utoro ni kusema kwamba haji shule kwa kuwa haji. Neno limechukua nafasi ya maelezo. Zaidi ya hayo, limekwisha kutoa lawama, kwani mtoro katika Kiswahili ni mtu aliyekimbia wajibu wake, na asili ya matumizi hayo inafika hadi kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kikao kinachoanza na orodha ya watoro kimeanza na washitakiwa.

Kasoli ni nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, hupaliliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na msimu wa kuiuza hufunguliwa karibu na Mei. Muhula wa kwanza wa shule huanza Januari, wakati palizi inahitaji mikono mingi. Hivyo mtoto wa darasa la kwanza hufika shuleni mara ya kwanza katika majuma ambayo nyumbani anatakiwa kushika jembe, au kubaki na mdogo wake ili mama aende shamba. Wavulana huchunga. Wasichana huteka maji, na kiangazi umbali wa kwenda kisimani huongezeka. Siku ya mnada nayo ina rejista yake.

Na ichukuliwe hesabu ya kubuni. Madarasa mawili yana wanafunzi 80 kila moja, na yote yana wastani wa mahudhurio wa asilimia 85 kwa mwezi. Katika darasa la kwanza, watoto 12 hawakuonekana kabisa mwezi mzima na wengine wote walihudhuria kila siku. Katika darasa la pili hakuna aliyepotea, bali kila mtoto alikosa siku tatu katika siku 20, zote zikiwa za mnada au za palizi. Taarifa inayopanda kwenda kwa afisa elimu kata itayaona madarasa hayo kuwa sawa. Lakini darasa la kwanza linadai watu wa kuitembelea miji 12, ilhali la pili linadai mazungumzo juu ya ratiba: pengine somo la kusoma lisiwekwe siku ya mnada, pengine kazi za siku hiyo zirudiwe kesho yake. Rejista iliyo mezani inatosha kabisa kuonyesha tofauti hii. Haihitaji tabuleti, inahitaji watu wawili watakaoupitisha kidole mstari kwa mstari, na mmoja wao awe mzazi anayejua siku zile zilikuwa siku za nini.

Kwamba majina ya takwimu yanaweza kubadilishwa, na kwamba yakibadilishwa uamuzi nao hubadilika, inathibitishwa na suala la mimba. Kwa miaka mingi safu hiyo ya fomu iliandika mwisho wa safari ya msichana shuleni. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ulipoelekeza kwamba walioacha kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurudi, msichana aleyale akawa mtu anayesubiriwa. Tarakimu yaweza kuwa ileile, lakini shule ina wajibu mwingine juu yake.

5.0 "Hajui kusoma": Kiswahili katika kinywa cha Kisukuma

Hapa ndipo mchango wa taaluma ya lugha unapohitajika zaidi. Upimaji wa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu uliofanywa kitaifa kwa darasa la pili mwaka 2013 ulionyesha kwamba takribani asilimia 8 tu ya wanafunzi walifikia kiwango kilichowekwa cha kusoma na kuelewa. Tafiti za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010 kwa kuiga mfano wa India wa kuwapima watoto nyumbani kwao, zilikuwa zimetoa picha kama hiyo kwa lugha iliyoeleweka na wengi: katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, 3 ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kutokana na hali hiyo mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa upya katika stadi za KKK kuanzia mwaka 2015, na walimu wakahimizwa kuwapima watoto mmojammoja.

Kipimo hicho hufanywa kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kufundishia ya shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watoto wengi wa vijiji vya Bariadi, hata hivyo, huingia darasa la kwanza wakiwa wamelelewa kwa Kisukuma. Daftari la mwalimu linapoandika "hajui kusoma", maneno hayo mawili yanaweza kuwa yamekusanya watoto wa aina tatu wasiofanana hata kidogo.

Wa kwanza ni yule asiyetambua herufi na silabi. Huyu ndiye ambaye maneno hayo yanamstahiki.

Wa pili ni yule anayetamka kila neno lililoandikwa bila kufahamu linasema nini. Tahajia ya Kiswahili hufuata sauti kwa karibu sana, na silabi zake nyingi ni za konsonanti na irabu. Hivyo mtoto aliyezishika silabi anaweza kuusoma ukurasa mzima wa lugha asiyoijua. Akiulizwa maswali juu ya hadithi hunyamaza. Mwalimu humpa silabi zaidi, yaani kitu ambacho tayari anacho, na kumnyima kile asichokuwa nacho, ambacho ni Kiswahili cha kuzungumza. Aweza kurudishwa katika kundi la wasiojua silabi kwa mwaka mzima, hadi achoke.

Wa tatu anasoma na anaelewa, ila anasoma kwa ulimi wa nyumbani. Kisukuma, kama kilivyochambuliwa na Batibo, kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Hakina sauti ya r inayotofautishwa na l, wala hakina dh, th na gh zilizoingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu. Mtoto akiiona rafiki akasema "lafiki", au akaiona dhahabu akasema "zahabu", amesoma. Taratibu za upimaji wa aina hii kwa kawaida huelekeza kwamba lafudhi isihesabiwe kuwa kosa. Lakini mwalimu aliyepangiwa kutoka mkoa mwingine, mwenye watoto wengi na dakika chache, husikia kosa na kutia alama ya mkasi. Mwenzake aliyezaliwa Usukumani hasikii kosa lolote, kwa kuwa naye hutamka hivyohivyo. Shule moja huwa na vipimo viwili pasipo yeyote kujua, na kulinganisha matokeo ya mikondo miwili ya darasa hilo ni kulinganisha masikio ya walimu.

Namna ya kuwatenganisha watoto hao ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtoto aliyeshindwa maswali asomewe hadithi hiyohiyo na mwalimu kwa Kiswahili, kisha aulizwe tena. Akishindwa tena, aulizwe kwa Kisukuma kama hadithi iliyosimuliwa na nyanya yake. Aliyejibu baada ya kusomewa ana tatizo la maandishi. Aliyejibu kwa Kisukuma pekee ana tatizo la lugha. Walimu wawili, mmoja mzawa na mmoja mgeni, wakiwasikiliza pamoja watoto watano wa kwanza na kupatana juu ya alama kabla ya kuendelea, tofauti ya masikio nayo hupungua. Kazi hii humalizika katika vipindi vichache vya mchana, na ndiyo yenye hadhi ya kuitwa matumizi ya takwimu kwa pamoja, kwa sababu walimu hao wamekubaliana wanahesabu nini kabla ya kuhesabu.

Mpango wa EQUIP-Tanzania uliliona tatizo la lugha kwa upande mmoja. Katika programu yake ya kuwaandaa watoto kuanza shule, wasaidizi waliteuliwa na jamii kutoka vijijini humohumo, na masimulizi yalitumika kuwaingiza watoto katika Kiswahili. Takwimu za programu kama hiyo zingefaa kuhamishwa pamoja na mtoto hadi kwa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa sababu msaidizi wa kijijini anajua jambo ambalo namba ya PReM haina nafasi ya kulibeba: mtoto huyu anasema nini akiwa hana woga.

6.0 Darasa la saba na makambi

Mkoa wa Simiyu ulijulikana nchini kwa makambi ya kitaaluma, ambamo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa na kufundishwa na walimu waliochaguliwa kutoka shule mbalimbali. Matokeo ya mkoa yalipanda, na sifa hiyo ilistahili. Huo ulikuwa uamuzi uliotokana na takwimu, na uliwaunganisha viongozi, walimu na wazazi waliochangia chakula. Ila takwimu iliyouzaa ni ya mtihani wa mwisho, nayo humwona mtoto akiwa mlangoni anatoka. Waliokwama darasa la pili na kuacha shule darasa la tano hawamo katika asilimia ya waliofaulu wala ya walioshindwa, kwani hawakufanya mtihani. Shule inaweza kupanda katika orodha kwa kuwafundisha vizuri waliobaki, na inaweza pia kupanda kwa kuwa wanyonge wamekwisha kuondoka. Kamati ya shule inapopewa asilimia ya ufaulu, hapana budi iulize idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyotangulia.

7.0 Lugha ya kikao chenyewe

Muhtasari wa kikao huandikwa kwa Kiswahili, na ndivyo inavyopasa kwa kumbukumbu za serikali. Lakini wazazi wanaposhauriana huko Kasoli hushauriana kwa Kisukuma, na mzazi mwenye hoja nzito aghalabu ndiye mwenye Kiswahili chepesi. Mwenyekiti anayefungua kikao kwa Kiswahili bila kuruhusu tafsiri amekwisha kupunguza idadi ya wajumbe, hata kama mahudhurio yameandikwa kuwa kamili. Pia asilimia haisaidii sana mahali hapo. Kusema kwamba watoto 24 wa darasa la pili hawajui hadithi hii inasema nini kunaeleweka kwa kila mtu, na kunazaa swali la papo hapo: ni wa vitongoji gani?

Swali hilo lina hatari yake. Majina ya watoto wanaoshindwa yakisomwa hadharani yatawaaibisha wao na wazazi wao, na desturi ya kubandika matokeo ukutani imezoesha watu kutoiona aibu hiyo. Yanayofaa kupelekwa kikaoni ni idadi na vitongoji. Majina yabaki kwa mwalimu wa darasa, naye azungumze na kila mzazi peke yake. Inabakia kazi ya istilahi, ambayo vyuo vikuu haviwezi kuikwepa. Fomu za shule zinahitaji safu zinazotofautisha mtoto aliyekwama kwenye herufi na aliyekwama kwenye lugha, na maneno ya Kiswahili ya kuzipa safu hizo majina hayajapatikana. Neno mdondoko lilichukuliwa kutoka kwa matunda na majani yanayoanguka yenyewe, wala hakuna mzazi wa Kasoli aliyeulizwa kama mtoto wake alianguka hivyo. Yamkini katika Kisukuma limo neno la kumtaja mtoto ambaye shamba limemchukua kwa msimu na ambaye bado anahesabiwa kuwa wa shule. Wa kuulizwa ni wazazi wale wanaokaa nyuma kikaoni, kabla rejista ya mwaka unaofuata haijachorwa mistari.